Kipimo cha Nyumba Tupu

Tik.

Kimya. Kisha tena, tik.

Subilaga alibana pumzi gizani. Friji ilikuwa imezimwa, taa zimezimwa, hata saa ya ukutani ilikuwa imetolewa betri, kwa sababu nyenje hawavumilii kitu kinacholia wakati wao wanasikiliza. Sakafuni, vitaa vyao vinne vya kijani viliganda. Kisha cha nne kikageuka chekundu.

"Mbishi kakataa tena," alinong'ona.

"Si mimi," alisema mama yake, Bibi Tupokigwe, kutoka kwenye kochi. "Mimi hata kumeza mate nimeacha."

"Mama, jamani! Umeshaongea. Tunaanza upya."

Tik.

Safari hii walisikia wote wawili. Lilikuwa birika. Lilikuwa limeepuliwa muda si mrefu, na sasa lilikuwa linapoa pale kando ya jiko, bati lake likisinyaa kidogo kidogo. Subilaga akalishika kwa upindo wa kitenge, akalipeleka koridoni, akarudi akinyata. Binti yake Tumpe alikuwa bado amesimama palepale alipoambiwa asimame, mkono mmoja umeshika mkia wa shati la mama yake, mkono mwingine umefumbata mashine zake mbili za masikio.

Nyenje wakaanza. Hilo ndilo jina walilopewa na watu wa Kitalu C, na hakuna aliyekumbuka tena jina la kiwandani. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa kopo la maziwa, na magurudumu matatu. Mmoja huimba: mluzi unaoanzia chini kabisa, kama lori linalopanda mlima kwa mbali, kisha unapanda, unapanda, mpaka unakuwa mwembamba kama sindano. Wenzake watatu wanausikiliza ukifika, kisha wanausikiliza ukifika tena ukiwa umeshagonga ukuta, kisha tena ukiwa umechoka. Halafu wanahama, anaimba mwingine. Mwisho wanaulizana wenyewe kwa wenyewe: wewe umesikia nini? Katika tofauti za masikio yao wanajua ukuta uko wapi, pazia lina uzito gani, kochi limekaa wapi na nani amelikalia. Wasipokubaliana wote wanne, hakuna ramani. Na yule wa nne hakubali kirahisi. Ndiyo maana aliitwa Mbishi.

Ramani hiyo ya mwangwi ndiyo iliyokuwa dawa ya Tumpe. Chumba cha zege hurudisha kila neno mara nyingi. Sikio zima huchuja lenyewe; sikio la Tumpe haliwezi. Mashine zake zikipewa ramani ya chumba, zinaondoa mwangwi na kubakiza sauti. Subilaga alifundishwa hivyo kwenye masomo ya jioni, akaamini, akaomba kazi ya kuongoza nyenje kwa sababu hiyo tu. Lakini tangu jengo zima lilipopimwa mwanzoni mwa mwaka, Tumpe alikuwa akisema neno lilelile: nyumba inamung'unya maneno.

Jibu lilimjia wiki hiyo, akiwa ameinamia beseni anafua mapazia. Siku ile ya kupimwa, tangazo lilisema wageni watapita kupima nyumba. Kitalu C chote kikafanya kile ambacho Kitalu C hufanya kikisikia mgeni anakuja. Magodoro yakaanikwa juani. Mapazia yakaingia kwenye povu. Mikeka ikakunjwa, makabati yakasukumwa nje ili deki ipigwe mpaka nyuma yake. Nyenje wakapima nyumba zilizokuwa zikisubiri mgeni. Nyumba zile zilikuwa kama hakuna mtu aliyewahi kuishi humo!

Kwa hiyo leo hakufagia. Nguo zilining'inia kwenye kamba ya korido ya ndani, godoro la Tumpe lilikuwa chini, blanketi za baridi ya Mbeya zilikuwa zimerundikana kochini pamoja na Bibi.

Kijani. Kijani. Kijani. Mbishi alizunguka meza mara mbili, akafikiri sana. Kijani.

Subilaga akawasha taa. Tumpe akavaa mashine zake, akakunja uso kama mtu anayetazama jua. Bibi Tupokigwe akampa mgongo, akafunika mdomo kwa kitenge, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Hizi ndizi hazijaiva. Sijui nani kazinunua."

Tumpe akageuka. "Mama ndiye kanunua, Bibi."

Bibi alicheka mpaka akajipiga paja. Subilaga aliingia jikoni akajifanya anatafuta kisu, akasimama kule mpaka macho yalipokauka.

*

Kesho yake msimamizi alimwita ofisini, ghorofa ya chini. Gwakisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutabasamu, mwenye suruali iliyonyooka kama rula, na alipandishwa cheo mapema kwa sababu hakuwahi kusema hapana.

"Mama Tumpe! Kaa, kaa hapo. Wewe umetuokoa."

"Nimefanya nini tena, kaka Gwakisa?"

"Ramani yako ya jana. Makao makuu wameniamsha kwa furaha. Mwaka mzima tunahangaika, ramani za kitalu hiki hazifanyi kazi, hatujui kwa nini. Kumbe watu walihamisha vyombo!" Akacheka, akaegemea kiti. "Halafu niambie, zile ndizi zilikuwa hazijaiva kweli?"

Subilaga naye alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kikakatika.

"Ndizi gani?"

Gwakisa alitazama juu. Subilaga akamfuata kwa macho mpaka kwenye kengele ya moto, kile kisahani cheupe kilichobandikwa kwenye dari ya kila chumba cha majengo yale. Nyumbani kwake viko vitatu, na kimoja kiko juu ya kitanda cha mama yake.

"Ile ina sikio," Gwakisa alieleza, na alieleza vizuri, kama mwalimu. "Lazima iwe nalo, isikie mtu akipiga kelele za moto. Ila bila ramani inasikia kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Maneno yanagongana. Ukiipa ramani ya kweli, inatenganisha. Huyu Bibi, huyu mtoto, huyu mama. Maneno yanatoka safi."

"Mnasikiliza watu ndani ya nyumba zao?"

"Mashine inasikiliza. Nani ana muda wa kukaa anasikiliza habari za ndizi?"

"Wewe umekaa."

Tabasamu lilimtoka kidogo. "Nilikuwa najaribu kama inafanya kazi. Mama Tumpe, tuongee kama watu wazima. Mzee Ambakisye wa namba tisa alianguka bafuni, akalala pale mpaka kunakucha. Dari ingekuwa na ramani ya bafu lile, angepata msaada kabla maji hayajapoa. Utamwambia nini binti yake? Kwamba wewe una siri za jikoni?"

Subilaga aliliona bafu la namba tisa, na mzee sakafuni.

"Kesho kutwa mchana unapima kitalu chote," Gwakisa alisema akisimama. "Nyumba ziwe kama zinavyoishi. Na usiwe na wasiwasi na mtoto. Ramani yenu ikikaa kwetu pamoja na za wenzenu, masikio yake yatakuwa wazi. Kazi isipokamilika, ramani yenu naifuta. Mashine zake zinasoma kutoka kwetu, unajua hilo."

Alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka saini yake ya kidole.

*

Aliwaambia kwenye kamba za nguo nyuma ya jengo, ambako juu ya vichwa kulikuwa na mawingu tu. Bibi Tupokigwe alikuwa anabana vibanio. Mama Lusajo wa namba tisa alikuwa anakamua shuka, na baba yake, Mzee Ambakisye, alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua maharage.

"Juu ya kitanda changu?" Bibi aliuliza. "Kile kidude? Mimi ninapomlilia Mungu kule usiku, kile kinasikia?"

"Kilikuwa hakisikii vizuri, Mama. Sasa nimekifundisha."

"Basi kifundishe kusahau!"

Mama Lusajo aliacha kukamua. "Mimi nakitaka," alisema.

Wakamtazama.

"Msinitazame hivyo. Nyie hamkumwokota baba yenu sakafuni. Alikuwa ananiita, mimi niko ukuta wa pili, nimelala kama gogo. Kama dari ingesikia, isikie. Isikie na ninavyogombana na mume wangu, shauri yake. Itachoka yenyewe."

"Haitachoka, mwenzangu," Subilaga alisema taratibu. "Alhamisi mnapokuja kwangu kusali, yule dada wa ghorofa ya tatu anatueleza nini? Mambo ambayo mumewe hayajui. Mambo asiyomwambia hata mchungaji. Kesho Gwakisa ataniuliza habari zake, kama leo alivyoniuliza za ndizi?"

"Na wewe unataka nini? Mtoto wako ndiye aliyepata masikio jana. Leo unataka baba yangu akose?"

"Wote watakosa, na Tumpe. Ataifuta ramani yetu." Sauti ilimtoka na ukali ambao hata yeye hakuutegemea. "Tangu nitoke ofisini nafikiri. Nikapime, nikae kimya, mwanangu asikie, si ndiyo? Halafu akikua aniulize, Mama, ulininunulia masikio kwa kuuza midomo ya watu? Sitaki! Atapata masikio, lakini si kwa njia hiyo."

Maharage yalidondoka kwenye ungo, moja moja.

"Lusajo ana mama mwenye kelele," Mzee Ambakisye alisema hatimaye. Hakuinua uso. "Siku ile nilikuita wewe, mwanangu. Sikuiita dari. Nataka nikianguka nisikiwe na mtu ninayemjua jina."

"Baba, sikukusikia."

"Kwa sababu niliita kwa koo la mzee. Filimbi yangu ya urefa iko wapi?"

"Filimbi?"

"Nimechezesha mpira wa mkoa huu mpaka magoti yakakataa. Filimbi ile ikilia, uwanja mzima unasimama. Nitafutie, niivae shingoni. Nikianguka nitapuliza, na usipoamka wewe, wataamka wa ghorofa ya nne." Akatikisa ungo. "Tena mkichelewa nitatoa kadi."

Mama Lusajo alianza kucheka akiwa bado analia, akajifuta kwa shuka mbichi. Kisha akalitundika shuka lile kwenye kamba kwa nguvu, kama mtu anayetundika bendera.

"Haya, mama Tumpe. Sema. Tunafanyaje? Utadanganya vipimo?"

"Hapana. Nyenje hawadanganyi na mimi sitawafundisha." Akatazama mashuka, mapazia, vitenge vikipepea. "Gwakisa anakuja kesho kutwa. Si ni mgeni?"

Bibi Tupokigwe alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliweka kibanio cha mwisho, akapangusa mikono.

"Ni mgeni," alisema. "Na mgeni anafanyiwa usafi."

*

Filimbi ililia mchana, na Kitalu C kikatoka nje.

Yalitoka magodoro kwanza, yakaegemezwa kwenye kuta za ua pande zote. Kisha makochi, mikeka, mapazia, meza, makabati yakibebwa na wanaume wanne huku wanawake wakiwaelekeza kwa kugombeza. Zulia la namba mbili likatandikwa kwenye majani. Televisheni ikawekwa juu ya pipa, haionyeshi kitu. Gwakisa alipofika na suruali yake ya rula, ilibidi apite katikati ya sebule za watu.

"Karibu, mwanangu!" Bibi Tupokigwe alimpokea. "Pita, kaa popote. Leo tumekusafishia."

"Shikamoo, Bibi. Mama Tumpe yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko ndani anafanya kazi yako."

Kweli alikuwa ndani. Alipita chumba kwa chumba na nyenje wake, akazima kila kinacholia, akangoja, akawaacha waimbe. Katika vyumba vile vitupu mluzi uligonga kuta na kurudi, ukagonga na kurudi, kama watu wengi wanaopigiana kelele ndani ya tangi la maji. Nyenje hawakusita. Kijani, kijani, kijani. Hata Mbishi alikubali mara moja, maana hapakuwa na cha kubishia.

Gwakisa alimkuta sebuleni kwake. Sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Unafanya nini?"

"Napima."

"Nyumba tupu?"

"Nyumba ninazozikuta. Hakuna kipimo hata kimoja cha uongo, kawaulize nyenje."

"Jioni mtarudisha vitu vyote."

"Tutarudisha. Kabati la mama Lusajo litakaa upande mwingine. Wiki ijayo litahama tena, na mapazia yangu yataenda ghorofa ya tatu, na ya kule yatakuja kwangu. Kila mkija kupima, mtakuta tumewafanyia usafi. Sisi ndivyo tulivyolelewa, kaka Gwakisa."

Alisogea karibu, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Nisikilize. Wengine niachie mimi. Rudisha vitu vyako tu, chumba hiki kimoja, kama vilivyokuwa majuzi. Upime. Tumpe abaki na masikio yake. Hakuna atakayejua."

Subilaga alitazama dari. Kile kisahani cheupe kilikuwa pale, kimetulia. Alitazama sakafu, mahali lilipokuwa godoro la mtoto, mahali Tumpe aliposimama usiku ule akasema Mama ndiye kanunua. Hakuna kitu duniani alichotaka zaidi ya kuisikia sauti ile ikijibu tena, katika chumba hiki, bila kukunja uso. Akafunga mikono nyuma.

"Chumba hiki kimoja ndimo wanamokuja wote kusali," alisema. "Futa."

"Mama Tumpe."

"Futa, Gwakisa. Usinihurumie, nitakuchukia."

Alifuta. Ilikuwa ni kugusa kioo cha simu yake mara mbili. Kisha akasema ataandika kwamba kazi imemshinda mama Tumpe, na kwamba nyenje anaondoka nao. Subilaga akawabeba mwenyewe mpaka uani, akawapanga ndani ya sanduku lao mmoja mmoja, kama anavyolaza watoto. Mbishi aligoma. Akageuka, akatoka kwenye vidole vyake, akasimama katikati ya zulia la namba mbili, chini ya anga, akapiga mluzi wake kutoka chini mpaka juu.

Akangoja.

Hakuna kilichorudi. Ukuta wa kwanza ulikuwa nyuma ya magodoro, na juu kulikuwa na mawingu. Mbishi alijaribu tena, akazunguka, akawasha taa ya kijani, akaizima, akaiwasha, kama mtu asiyeamini bahati yake. Gwakisa alimtazama kwa muda mrefu. Alimwinua taratibu kuliko ilivyolazimu, akamtia sandukuni, akaondoka akipita katikati ya makochi bila kuaga.

Tumpe alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi la nyumbani kwao, kando ya majani. Mashine zake zilitoa mlio mwembamba zinaoutoa zikipoteza ramani, na vidole vyake vikapanda masikioni. Subilaga akavuka ua, akapiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno. Nyumba itamung'unya tena kwa muda. Mama atatafuta njia nyingine, kuna watu kwenye masomo ya jioni, kuna nyenje wanaoweza kuundwa na mtu mwenyewe, wasio na bwana. Uso wa mtoto ulikuwa umegeukia kwingine.

Nyuma ya magodoro mawili, Bibi Tupokigwe alikuwa akimnong'oneza Mama Lusajo kuhusu suruali ya Gwakisa. Mzee Ambakisye, mbali kule kwenye kigoda, alikuwa akiigombeza filimbi yake kwa kuwa na mate. Mtu alimimina chai. Mtu alimwambia mwenzake asogeze mguu, blanketi ni la wote.

Tumpe akatabasamu kwanza upande wa magodoro, kisha upande wa kigoda, kisha upande wa chai. Uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Mama," alisema, "hapa nje nawasikia wote."